Siku 4 ambazo vyombo havikutoka: kisa cha mwanafunzi wa utafiti katika diko la Tanga

Fomu zenyewe zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopokea mwezi ule. Mwandiko umenyooka, hakuna kufutafuta, kila kisanduku kimejaa: aina ya chombo, zana, idadi ya wavuvi, saa ya kutoka na ya kurudi, kisha samaki mmoja mmoja kwa urefu na uzito wake. Zilikuwa fomu 4, za tarehe 14 hadi 17 Juni. Nilizisaini tarehe 18 nikaziweka kwenye faili. Siku 9 baadaye mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu chini ya mkungu akaniambia, bila hata kuinua uso, kwamba siku hizo hakuna chombo hata kimoja kilichotoka.

Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa ya mwanafunzi aliyezijaza. Amesoma rasimu, akanirekebisha mahali pawili, na akaniomba jambo moja tu: nisimfanye aonekane mwizi. Sitamtaja jina, wala chuo chake, wala mradi uliokuwa ukitulipa. Kupika takwimu ni kosa, na kosa lile lilikuwa lake. Lakini kila ninapolirudia hatua kwa hatua naona kwamba chungu alikiinjika yeye, kuni nilizichochea mimi. Ndiyo maana nimeona niandike kisa chote, kwa ajili ya wenzangu wanaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kwa wanafunzi wenyewe wanaotuangalia ili wajue kazi ya utafiti ni kazi gani.

Diko na watu wake

Diko letu, yaani mahali pa pwani vyombo vya uvuvi vinapoingia kushusha samaki, liko kusini mwa jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Pangani, ndani ya ukanda wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za dinosaria. Zinaingia ngalawa, mitumbwi na mashua chache za injini. Watu wa mshipi huleta changu na chewa, watu wa dema, yaani mitego ya kuzamisha, huleta tasi na pono, na watu wa majarife, wanaozamisha nyavu zao usiku kwenye maji marefu, huleta papa, taa, na siku za riziki nguru. Ni majarife hayo yaliyoanza kuleta silikanti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuiangalia pwani yetu kwa jicho jingine.

Mwaka ule nilipokea wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu kwa wiki 8, kuanzia tarehe 26 Mei. Binti alitoka Lushoto, mtoto wa wakulima wa mboga, na kabla ya hapo alikuwa hajawahi kulala mahali panaposikika mawimbi. Kijana alikuwa mtoto wa mvuvi wa Tongoni. Binti nilimpanga diko letu, kijana nikampanga diko la jirani, kilomita chache kaskazini. Kila mmoja alitakiwa awe pwani saa 12 asubuhi, siku zote isipokuwa Ijumaa, siku ambayo wavuvi wengi hawaendi baharini: hushona nyavu, huziba vyombo, na mchana huenda msikitini.

Jioni ya kwanza niliwakalisha barazani nikawaeleza habari za kazi yetu. Nilijiandaa kwa mapenzi kabisa. Niliwaonyesha picha yangu nimesimama mbele ya bango langu kwenye mkutano wa kisayansi Mombasa, nikawaonyesha makala iliyochapishwa ikiwa na jina langu, nikawahesabia ngazi: shahada ya kwanza miaka 3, ya uzamili miaka 2, ya uzamivu miaka 3 au 4 na mara nyingi zaidi. Binti ndiye aliyeuliza swali: "Mwalimu, mtu afanyeje ili afike hapo ulipo?" Nikamjibu kwa vyeti. Kisha nikamalizia kwa sentensi ambayo wakati ule niliiona nzuri: "Mtafiti harudi nyumbani mikono mitupu."

Hiyo sentensi nitairudia baadaye.

Kisanduku kitupu kina maana ngapi

Ili kisa kieleweke, lazima kwanza nieleze tunachokipima. Watu wengi hudhani mtafiti wa uvuvi anahesabu samaki. Anahesabu, lakini samaki peke yake hawasemi kitu. Kilo 100 zilizoletwa na ngalawa 5 ni habari njema, na kilo 100 zile zile zikiletwa na ngalawa 40 ni habari ya msiba. Kwa hiyo tunagawa samaki kwa juhudi: vyombo vingapi, watu wangapi, saa ngapi baharini, nyavu ngapi.

Sasa chukua fomu isiyo na samaki. Inaweza kuwa na maana tatu. Huenda vyombo havikutoka. Huenda vilitoka vikarudi bila kitu. Huenda mwandishi mwenyewe hakuwepo. Kwa macho ya kawaida zote ni fomu tupu, lakini kwenye hesabu haziwezi kukaa kisanduku kimoja.

Tuseme ngalawa 10 zimetoka siku 5. Siku 4 zimeleta kilo 100 kila siku, ya tano zimerudi tupu. Ukihesabu kwa haki, una kilo 400 kwa safari 50, yaani kilo 8 kwa ngalawa. Ukiitupa siku ya tano kwa kuwa "haina kitu", una kilo 400 kwa safari 40, yaani kilo 10. Bahari imeongezewa neema ambayo haina, na aliyeiongezea hakudanganya hata samaki mmoja. Alitupa tu karatasi tupu. Siku ambayo vyombo havikutoka mambo ni mengine. Haiingii kwenye wastani wa kilo kwa ngalawa, kwa sababu hakuna safari ya kugawia, lakini inaingia kwenye hesabu ya siku za kazi za mwezi, na mavuno ya mwezi hukadiriwa kwa kuzidisha wastani huo kwa idadi ya safari. Na siku ambayo mwandishi hakuwepo, hatujui lolote, na wajibu wetu ni kuandika kwamba hatujui.

Ukijaza siku 4 za kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa samaki wa kubuni, umemwambia afisa atakayesoma ripoti kwamba Juni, upepo ukiwa umekaza, watu wetu huvua kama kawaida. Pengine atapanga mambo kwa kufuata hilo. Pengine atashangaa kwa nini wavuvi wanalia njaa mwezi ambao karatasi zinaonyesha shibe. Binti wa watu hakuwa na wazo hilo hata kidogo, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

Jambo moja zaidi kuhusu fomu yetu, ambalo ninalisema kwa uchungu kwa sababu niliitengeneza mimi: haikuwa na mahali pa kuandika lolote kati ya hayo matatu. Ilianza na aina ya chombo. Kama hakuna chombo, hakuna pa kuanzia.

Ijumaa ya sifa

Tarehe 6 Juni, baada ya sala, tulikutana kupitia fomu za siku za mwanzo. Za binti zilikuwa zimejaa. Za kijana zilikuwa na mapengo: siku moja alipima samaki 7 tu, siku nyingine fomu ilikuwa na tarehe na jina la diko, basi. Mbele ya wote, pamoja na wasaidizi wawili wa mradi, niliinua fomu za binti nikasema, "Hizi ndizo fomu ninazozitaka." Kisha nikamgeukia kijana nikamwambia ajitahidi, akijifunza kwa mwenzake.

Kijana akasema, "Sawa, Mwalimu." Hakujitetea, nami sikumuuliza ile siku tupu ilikuwa tupu kwa nini.

Nimeshaona watu wakichambua makosa ya namna hii kwa kutafuta tabia ya mkosaji: alikuwa mvivu, alikuwa na haraka, hakulelewa vizuri. Katika kisa hiki tabia haitufikishi mbali. Binti hakuwa mvivu. Alikuwa anafika diko kabla ya wachuuzi, na akina mama wanaokaanga samaki walishamzoea kwa jina. Alichokuwa nacho ni hamu ya kufanya vizuri mbele ya mtu anayemheshimu, na mtu huyo alikuwa ameshamwonyesha hadharani vizuri ni nini: ni fomu iliyojaa.

Wiki ya pili ya Juni kusi likaanza kukaza. Kwa wasioishi pwani, kusi ni upepo wa kutoka kusini unaotawala takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kuna siku unavumilika, na kuna siku bahari nje ya mwamba hugeuka nyeupe na hakuna mwenye akili zake anayeshusha ngalawa. Tarehe 14 hadi 17 zilikuwa siku za namna hiyo.

Fomu za wale wawili zilinifikia siku moja, tarehe 18. Za binti zimejaa changu na tasi. Za kijana, za tarehe zile zile, kilomita chache tu kutoka pale, zilikuwa tupu zote 4. Nilikuwa na ushahidi wote wawili juu ya meza moja. Nikazisaini za binti, na kwenye za kijana nikaandika kwa wino mwekundu: "Ongeza bidii."

Chini ya mkungu

Tarehe 27, Ijumaa, nilishuka diko kuzungumza na manahodha. Mzee ninayemzungumzia amevua majarife tangu ujana wake, na vijana wengi wa pale wamejifunza bahari kwake.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wanafunzi wako hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Yule binti wa mlimani ana moyo." Akavuta uzi, akakaza fundo. "Siku zile za kusi, toka Jumamosi mpaka Jumanne, kila asubuhi namkuta hapa, kajifunika kanga, upepo unamrusha. Nikamwambia, mjukuu wangu, nenda nyumbani, leo hatoki mtu. Hakuna ngalawa, hakuna mashua. Akaniambia, babu, lazima niandike."

Nilikaa kimya. Nikamuuliza tena siku, akazitaja tena, akaongeza kwamba hata dalali hakufungua mnada.

Nilirudi ofisini nikafungua faili. Nilipoweka fomu za tarehe 14 hadi 17 kando ya zile za tarehe 7 hadi 10, ilikuwa wazi kama mchana. Samaki walikuwa wale wale, kwa mpangilio ule ule, kila mmoja ameongezwa au kupunguzwa nusu sentimita. Kwa wiki moja yule changu mkubwa wa sentimita 41 alikuwa amekua akawa 41.5.

Lakini kilichonikosesha usingizi usiku ule ni maneno ya mzee zaidi kuliko samaki wale. Binti alikuwepo. Siku zote 4 alikuwa pale pwani, saa 12 asubuhi, kwenye upepo ule, akiangalia vyombo vimepandishwa mchangani. Ushahidi bora kabisa ambao mradi wetu ungeweza kuupata kuhusu siku zile alikuwa nao machoni. Maneno mawili, "Vyombo havikutoka", yangetosha. Alikuwa ameshika takwimu halisi mkononi akaenda nyumbani akaketi kutunga za uongo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba alichokiona ni takwimu.

Mazungumzo

Niliongea naye kesho yake, peke yetu, kwenye baraza ile ile ya siku ya kwanza. Sikumwonyesha fomu. Nilimwambia tu, "Nisimulie ilikuwaje Jumamosi ile ya kusi."

Alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Zile nimezipika."

"Zote 4?"

"Zote 4. Nilikuwa nakaa mpaka saa 4, hakuna kitu. Nilipofika nyumbani nikawa naogopa kukuletea karatasi nyeupe." Akanyamaza. "Ulisema mtafiti harudi mikono mitupu."

Nimefundisha na kusimamia watu kwa miaka kadhaa na sijawahi kusikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia kwa namna ile. Alikuwa ameyachukua kama kanuni ya kazi. Na kwa kweli, ningeyatoa wapi mengine? Picha ya Mombasa haikuonyesha siku nilizokaa pwani bila kupima kitu. Makala iliyochapishwa haikuonyesha ile iliyokataliwa kabla yake. Nilikuwa nimemchorea kazi ya utafiti kama mti wenye matunda tu, hauna majira.

Nilimweleza tofauti ya vile visanduku vitatu, hesabu ya kilo 8 na kilo 10, na afisa atakayesoma ripoti ya Juni. Ndipo alipolia. Aliniambia alidhani amedanganya karatasi. Hakujua kwamba amewasemea wavuvi uongo.

Njia zilizokuwepo

Wenzangu niliowashirikisha waligawanyika. Mmoja alisema nifunike: ni mtoto wa watu, siku 4 katika mwaka mzima hazibadilishi kitu, futa fomu, mwonye, yaishe. Mwingine alisema nimrudishe chuoni siku ile ile na barua, maana anayepika akiwa mwanafunzi atapika akiwa mkuu wa kituo.

Ushauri wa kwanza ulikuwa na huruma, lakini ungemfundisha kwamba katika kazi yetu makosa hufichwa na wakubwa. Angekua nalo hilo. Wa pili ulikuwa na ukali wa haki, ila ulimhukumu kwa kanuni ambayo hakufundishwa, na ungeniacha mimi na fomu yangu mbovu tukiwa salama. Sikubaliani pia na ile hoja ya kwamba siku 4 hazibadilishi kitu. Anayejua ni siku 4 tu ni nani? Ukishagundua siku 4, siku zote nyingine zinaingia shakani.

Hapo ndipo kazi kubwa ilipokuwa, na ilituchukua karibu wiki nzima. Ukiacha zile 4, binti alikuwa ameleta fomu 24 kufikia tarehe 26 Juni. Tulikwenda pamoja kwa dalali, ambaye huandika kila mnada kwenye daftari lake, tukalinganisha siku kwa siku. Fomu 21 zililingana na daftari kwa vyombo na aina za samaki. Fomu 3 hazikuwa na wa kuzithibitisha, kwa sababu siku hizo dalali alikuwa msibani na samaki waliuzwa bila kuandikwa.

"Hizi ni za kweli, Mwalimu. Nakuapia."

"Nakuamini. Lakini nikiulizwa nimejuaje, sina cha kujibu."

Nikaziondoa. Alizipima kwa mikono yake, kwa jua lake, na zikaondoka pamoja na za uongo. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa. Ningeweza kuzibakiza na kuziwekea alama. Nilichagua kuziondoa kwa sababu nilitaka aone gharama ya uongo mmoja inavyoyala hata ya kweli yaliyo karibu yake, lakini kuna siku najiuliza kama hilo lilikuwa somo au adhabu.

Kisha nilimpigia simu msimamizi wake wa chuo, binti akiwa kando yangu, nikampa simu aseme mwenyewe. Alisema yote, kwa sauti inayotetemeka, bila kunitaja mimi na sentensi yangu. Niliichukua simu nikaitaja mwenyewe, pamoja na fomu. Chuo kilimkata alama na kikamtaka aandike katika ripoti yake sehemu inayoeleza siku zile. Hakufukuzwa. Alama zile zilimuumiza, na hazikurudi.

Kile nilichokuwa sijakionyesha

Ijumaa iliyofuata niliwaita wote tena, nikaja na mfuko. Kabla ya kuufungua nilimwomba kijana radhi, mbele ya watu wale wale waliosikia nikimkaripia. Nilimwambia kwamba fomu zake tupu za tarehe 14 hadi 17 zilikuwa sahihi, na wino mwekundu ulikuwa wangu kimakosa. Akasema, "Hakuna neno, Mwalimu. Baba aliniambia niandike nilichokiona tu."

Jibu hilo lilinifungua macho zaidi ya yote. Kijana alikuwa na walezi wawili, mimi na baba yake, na mimi niliponyosha kidole upande usio sahihi, baba yake alikuwepo kumzuia. Binti alikuwa na mimi peke yangu. Hakuna nyumbani kwao mtu wa kumwambia kusi likikaza watu hulala. Tunapompeleka mwanafunzi mahali pageni tunahesabu nauli na chumba, lakini hatuulizi nani mwingine atamshika mkono pale.

Ndani ya mfuko kulikuwa na daftari langu la pwani la wakati wa shahada ya uzamili. Niliwafungulia kurasa ambazo hazina kitu: siku 11 mfululizo nilizokuwa kitandani na homa. Nikawafungulia na tasnifu yenyewe, mahali palipoandikwa kwamba siku hizo hazina taarifa, na nikawaeleza jinsi watahini walivyoniuliza kuhusu siku hizo na jinsi nilivyojibu. Nilifaulu nikiwa na pengo langu. Kulikuwa na barua mbili za makala kukataliwa. Kulikuwa na mkataba wa mradi uliokwisha fedha zilipokwisha, na nikawaambia niliishi vipi miezi 5 iliyofuata, nikimsaidia dada yangu dukani. Kijana aliuliza maswali mengi hapo, kuhusu mishahara, kuhusu nani anapata ajira ya kudumu na nani anaishi kwa mikataba, na ilikuwa mara ya kwanza katika wiki zote zile kuona mtu anauliza kazi hii kama anavyouliza mtu anayetaka kuifanya kweli.

Niliwasimulia pia habari ya silikanti, lakini safari hii kwa upande ambao huwa hatuusimulii. Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, mtunzaji wa makumbusho ndogo aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer alimkuta samaki wa ajabu katika lundo lililoletwa na meli ya uvuvi, mwenye urefu wa kama mita 1.5. Mama huyu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alihangaika kumpatia samaki mahali pa baridi, akakosa. Akamwandikia barua J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki aliyekuwa likizoni mbali, akamchorea na picha kwa mkono. Barua ilichukua siku nyingi kufika, na Smith alifika kumwona samaki Februari 1939. Kwa joto la kiangazi samaki alikuwa ameshaanza kuoza, ikabidi akaushwe, na matumbo yake yote yakatupwa.

Basi, ulimwengu mzima ukawa na silikanti mmoja asiye na matumbo. Ingekuwa rahisi kiasi gani kukisia yalivyokuwa? Smith alieleza kilichokuwepo, akampa samaki jina la Latimeria kwa heshima ya aliyemwokoa, na sayansi ikasubiri miaka 14, hadi 1952, silikanti wa pili alipopatikana Komoro. Binti aliniuliza, "Miaka 14 walikaa na nafasi tupu?" Nikamwambia ndiyo, na waliijua ni tupu, ndiyo maana waliendelea kutafuta.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa vitendo, na haya nitayasema kwa ufupi. Fomu ina visanduku vitatu juu kabisa, kabla ya aina ya chombo: vyombo havikutoka, vyombo vilitoka bila kupata, mwandishi hakuwepo. Chini yake kuna mstari wa upepo. Mwanafunzi mpya huanza wiki yake ya kwanza kwa nahodha kabla ya kushika ubao wa kupimia, na nahodha hulipwa kwa siku hizo kama mwalimu mwingine yeyote. Na mimi sisifu tena fomu kabla ya kuuliza siku yenyewe ilikuwaje.

Binti alitumia wiki zilizobaki akikaa chini ya mkungu kila alipomaliza kazi. Alijifunza matlai ni upepo gani, bamvua linafanya nini kwenye dema, kwa nini jarife halizamishwi mkondo ukiwa mkali. Mzee alimwambia pia habari ya usiku ambao jarife lao lilileta samaki mwenye mapezi kama miguu, na jinsi walivyoogopa kumla. Ripoti yake ya mwisho ina ukurasa mmoja kuhusu tarehe 14 hadi 17 Juni, na ndio ukurasa ulioandikwa vizuri kuliko kurasa zote.

Katikati ya Julai kulikuwa na usiku mmoja shwari. Majarife yalitoka, yakalala majini mpaka alfajiri, yakarudi bila samaki hata mmoja. Nilikuwa diko asubuhi ile. Binti aliwauliza manahodha saa za kutoka na kurudi, akahesabu nyavu, akaandika juhudi yote kwa utaratibu, kisha akaja niliposimama na kibao chake cha kuandikia.

"Mwalimu, hii sifuri niiandike kwa penseli au kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

Akaiandika palepale, akiwa amesimama, mgongo kaupa upepo.